Swali la Afande Halijibiwi

Wadogo zangu wa jikoni, nimevua kombati juzi tu na mwili bado haujapata taarifa. Naamka wakati jogoo wa jirani hapa Bagara hajafikiria hata kuwika, najifunga kanga, natoka nje kutafuta moto wa kuwasha. Hakuna moto. Kuna jiko dogo la gesi, na kuna Baba Baraka anaita kutoka kitandani, "Mama Baraka, vita imeisha! Rudi ndani!" Narudi, nalala chali kama kuruta aliyesahau zamu, nacheka peke yangu.

Koplo Zawadi, wewe ndiye uliyenisumbua. Kila tukikaa kuchagua mchele unaanza: "Afande Yasinta, hivi ulisomaje masta huku unakoroga ugali?" Nami nilikuwa nakujibu, "Kwa kukoroga." Sasa nina nafasi, nakujibu vizuri, na wenzako wasome. Vyeo siviweki humu, mshahara siuweki. Hayo yako kwenye faili na hayajawahi kumchekesha mtu.

Niliingia jeshini na cheti cha form four na ndoto ya kuendesha lori. Lori kubwa, lile la matairi mengi, mimi juu, upepo usoni. Siku ya kugawanywa kazi afisa akaniangalia mikono.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Kumi na mmoja, afande!"

"Nani anapika?"

"Mimi, afande!"

"Jikoni."

Basi. Lori langu likafia hapo, na niliyeliua ni mimi mwenyewe kwa kujibu haraka haraka. Haraka ni ugonjwa wangu wa kuzaliwa, mtauona.

Jikoni nilimkuta Stafu Sajenti Akonaay. Mrefu, mkimya, Mwiraqw wa kule juu Mbulu, ana mwiko wake mwenyewe ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuugusa hata kuusafisha. Nikapiga mguu chini mpaka vifuniko vikalia. "Jambo afande!"

"Jambo." Akaangalia chini. "Kwa nini buti lako lina unga?"

Mimi nikamweleza. Nikamwambia kwamba gunia lilikuwa limepasuka upande, na aliyelishusha hakuangalia, na mimi nilikuwa napita tu, na upepo nao ukavuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, mikono nyuma.

"Umemaliza?"

"Ndiyo afande."

"Chukua ule mwiko mkubwa, weka begani kama bunduki, zunguka stoo mpaka buti likumbuke kazi yake."

Buti langu lina kumbukumbu mbaya sana. Nilizunguka mpaka wapishi wakaacha kucheka wakaanza kunihurumia. Niliporudi nikiwa sina pumzi, akanipa maji, akaniambia kwa sauti ya chini: "Yasinta, mkubwa akikuuliza kwa nini, hataki hadithi. Anataka buti safi. Swali la afande halijibiwi, linafanyiwa kazi."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la jeshi. Lilinikaa mwilini kuliko gwaride, na baadaye nusura linizike.

Lakini msimwone mkali bure. Yule mzee alinifundisha kila kitu ninachokijua. Kuchagua maharage kwa masikio: unayamwaga kwenye sinia taratibu, jiwe likidondoka linapiga sauti yake tofauti, unalichukua hata bila kutazama. Kupanga kuni ili moto ulale chini ya sufuria badala ya kuilamba ubavuni. Na kutofunua. Mimi nilikuwa nafunua kila saa kuona kama yameiva. "Ukifunua tena," aliniambia, "huo mfuniko nakuvisha kama kofia, unaenda nao kwenye gwaride." Niliamini, kwa sababu kuna mwenzangu alishavishwa.

Sasa tufike kwenye maharage yaliyomwagwa, maana shule yangu yote ilianzia pale.

Mnajua mapipa ya mabaki nyuma ya mesi. Kila mchana baada ya askari kula yalikuwa yanajaa, na kila mchana alikuwa anakuja Baba Daudi wa Sigino na pikipiki yake ya matairi matatu kuyachukua kwa ajili ya nguruwe.

"Shikamoo Baba Daudi."

"Marahaba afande wangu. Leo wamekulaje?"

"Vibaya sana."

"Mungu awabariki."

Kila siku hivyo hivyo. Mimi inaniuma, yeye anafurahi. Nakaa alfajiri yote na maharage, nayachagua, nayachemsha, nayaunga kwa kitunguu, halafu yanapanda pikipiki kwenda Sigino! Siku moja nikamuuliza Stafu Sajenti Akonaay, "Afande, kwa nini wanamwaga?" Akasema, "Hawayapendi." Swali la mdogo huwa linajibiwa, mmeona, ila kwa neno moja tu.

Yeye akastaafu, akarudi kwao. Swali likabaki na mimi. Katikati hapo jeshi lilinipeleka kozi ya mapishi na lishe, nikaunga diploma, nikaunga digrii, yote kwa kusoma huku nafanya kazi. Naruka haraka kwa sababu huko nilikuwa nakariri tu, na kukariri askari anakuweza. Utamu ulianza nilipoamua kuchukua masta ya lishe. Chuo kilikuwa na kituo kidogo hapa mjini, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, masomo Jumamosi. Nikaenda kuomba ruhusa kwa Meja, mkuu wetu wa kikosi.

"Masta?" akasema. "Ya nini?"

Nikasimama kimya. Nilishafundishwa. Yeye akasubiri. Mimi nikasubiri. Feni inazunguka.

"Sajenti, nimekuuliza."

"Ndiyo afande!"

Akatikisa kichwa. "Soma. Lakini siku chakula cha askari kikichelewa kwa sababu ya shule, siku hiyo hiyo shule imekufa. Tumeelewana?"

"Ndiyo afande!"

Kwa hiyo mkataba ulikuwa huo. Masomo yangu yaliwekwa juu ya sufuria, na sufuria ikichelewa tu, kwisha.

Jumamosi ya kwanza nilikaa mbele kabisa, kombati imepigwa pasi mpaka inakata. Darasani kuna manesi, walimu, bwana shamba mmoja. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mfupi mwenye hijabu ya bluu na mkoba mkubwa kuliko yeye. Nikaruka juu, "JAMBO AFANDE!" Kiti changu kikaanguka. Nesi wa nyuma yangu akamwagikiwa chai. Bwana shamba naye akasimama, sijui alifikiri ni wimbo wa taifa.

Yule mama akaweka mkoba chini. "Jambo," akasema. "Kaa, mama. Hapa hatupigani." Halafu akacheka, na mnajua kuna watu wakicheka hata dari inashiriki. Huyo ndiye Daktari Mwanaidi, alikuwa anakuja kwa basi kutoka Arusha kutufundisha, na ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wangu.

Tatizo likaanza hapo hapo. Anasoma kitu, anatugeukia, "Haya, Yasinta, unaonaje?"

"Ulivyosema ndivyo ilivyo, daktari."

"Mimi sijasema kitu bado."

Darasa zima likavunjika. Lakini kweli sikujua nifanye nini! Miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza ninaonaje akawa anataka kujua.

Ulipofika wakati wa utafiti, sikuhangaika. Swali langu lilikuwa kwenye mapipa. Nikatafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mahindi sokoni, nikaitundika nyuma ya mesi, nikawa napima mabaki ya kila kombania ya askari peke yake kabla Baba Daudi hajafika. Mlikuwa mnanicheka, nakumbuka. "Afande anapima taka!" Zawadi na wewe ulikuwemo, usijifiche.

Na nilichokiona kikanitoa usingizi. Kombania ya tatu ndiyo iliyokuwa inamwaga kuliko wote. Kila siku! Siku ya maharage wanamwaga. Siku ya kabichi wanamwaga. Siku ya wali nyama, jamani, wali nyama, wanamwaga! Nikasema hawa hawachukii maharage, hawa kuna kitu kinawakuta. Nikakaa nikawaangalia. Mabweni yao yako mbali kuliko ya wenzao, kwa hiyo kwenye foleni wao ni wa mwisho, wa mwisho tangu kambi ijengwe. Wakikaa, wakishika tonge la pili, filimbi ya mchana inalia. Wanatoka mbio na mashavu yamejaa, sahani zinabaki zimejaa nusu.

Lakini kichwani nikamsikia Stafu Sajenti Akonaay: au wa mwisho wanapata ya chini ya sufuria, yaliyoshika? Hapo ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka napiga makofi. Nikamwomba Meja ageuze foleni. Kombania ya tatu wale kwanza, kombania ya kwanza wale mwisho, na hao wa mwisho niwafungulie sufuria yao mpya ambayo haijaguswa.

Meja akakubali, nadhani ili nitoke ofisini kwake.

Weee! Kombania ya kwanza walinitazama kama mwizi wa kuku. Wamezoea kukaa wanakula taratibu, wanaomba chumvi, wanasimuliana mpira. Sasa wanakaa tu, filimbi hiyo!

"Afande Yasinta, shule yako inatuua na njaa!"

"Kula upesi."

"Tumekosa nini sisi?"

"Hamjakosa. Mko kwenye sayansi."

"Basi sayansi ituongezee nyama!"

Na mizani ikasema yenyewe. Kombania ya tatu pipa tupu, wameramba. Kombania ya kwanza, chakula kizuri cha sufuria mpya, pipa linafurika. Maharage hayakuwa na kosa, wala sufuria haikuwa na kosa. Filimbi ndiyo iliyokuwa inamwaga chakula. Nilirukaruka pale nyuma ya mesi peke yangu, Baba Daudi akasimama na pipa mkononi akiuliza kama nimeng'atwa na nyuki.

Kuandika sasa. Niliandika alfajiri, pale kwenye moto, kompyuta juu ya gunia la mchele, maharage yanachemka. Ndiyo sababu kurasa zangu zote zilinuka moshi, Daktari Mwanaidi alikuwa akifungua bahasha anasema, "Naam, kazi ya Yasinta imeiva." Nikishachapisha pale steshenari ya karibu na stendi, namtumia kwa basi, anasoma, anaandika kwa kalamu nyekundu, anarudisha. Tasnifu yenyewe ilikuwa kwa Kiingereza, lakini alama ya kuuliza haina lugha. Na yule mama alikuwa anapenda alama za kuuliza! Pembeni, juu, chini, nyingine mbili mbili. Kwa nini hivi? Kwa nini vile? Kwenye ile sehemu ya kugeuza foleni alizirundika, na chini akaandika: kwa nini uliigeuza?

Mimi nikafanya kile ambacho askari yeyote anafanya. Mkubwa ameuliza kwa nini? Buti lina unga. Nikasafisha. Kila palipo na alama ya kuuliza, nikafuta. Sentensi nzima, aya nzima, toa. Foleni yote niliyogeuza, toa. Nikampelekea kazi safi. Ikarudi na alama nyingine. Nikafuta tena. Roho inaniuma, lakini natekeleza, na najisifu kwamba mwanafunzi mtiifu kama mimi hajawahi kumpata.

Mara ya tatu akanipigia simu. Nilikuwa napepeta mchele.

"Yasinta, kazi yako inaumwa?"

"Hapana daktari, nzima kabisa."

"Mbona inakonda? Ilikuja na mwili, sasa naona mifupa. Iko wapi ile foleni?"

"Nimetekeleza maagizo yote, daktari."

"Maagizo gani?"

"Pale ulipouliza kwa nini, nimetoa."

Nikafikiri bando limekata. Halafu nikasikia kitu kama birika linaanza kuchemka, kumbe anajizuia kucheka, akashindwa.

"Kwa hiyo mimi nikikuuliza jina lako nani, utalifuta?"

Nikasimama na ungo wangu.

Alipomaliza kucheka sauti ikabadilika. "Sasa nisikilize. Usajili wako unaisha muhula huu. Ukileta kazi hii unafeli, na ukifeli unaanza mwaka wa kwanza upya, na wewe uko mlangoni kustaafu. Hiyo foleni ndiyo tasnifu yako, mwanangu. Mengine yote ni mboga. Nilipoandika kwa nini, nilikuwa sijui. Nilikuwa nataka unieleze! Rudisha kila ulichofuta. Na kila alama ya kuuliza, nijibu. Ukiona nimekosea, nibishie."

"Nikubishie, daktari?"

"Nibishie."

"Hiyo ni amri?"

Akashusha pumzi. "Haya. Ni amri."

Nilirudisha kila kitu, nashukuru kompyuta haikufuta nilivyofuta, nakala za zamani zilikuwemo. Lakini kubisha, hicho kiungo sikuwa nacho. Ikabidi nikafanyie mazoezi nyumbani. Baba Baraka akiuliza tu, "Kwa nini mchuzi hauna chumvi?" namkalisha chini, namweleza sababu tatu, ushahidi wa kila sababu, na udhaifu wa ushahidi. Siku moja akala kimya mchuzi ambao hata mimi nilijua umechacha. Nikamuuliza mbona hasemi. Akasema, "Naogopa kuuliza."

Siku ya kuitetea tasnifu ikafika. Chuo kilisema itafanyika kwa video, mimi niko kituoni hapa mjini, wao huko walipo. Meja alinipa ruhusa ya asubuhi, akanikumbusha kwa kidole tu, alionyesha upande wa jikoni. Nikamkabidhi Zawadi mwiko.

"Zawadi, ugali ukichelewa leo, mimi sina masta."

"Afande, nenda. Ukirudi bila masta, hapa hakuna ugali."

Nikapanda bajaji na bereti yangu mapajani.

Kule ghorofani wameniwekea kompyuta juu ya meza. Nyuso zikatokea: Daktari Mwanaidi kwenye kona, walimu wawili, na katikati profesa mmoja mtahini wa nje, nywele nyeupe, sauti nzito kama ya mkaguzi wa gwaride. "Habari za asubuhi," akasema. Nami miguu ikajisimamia yenyewe. Kishindo, mikono ubavuni, kidevu juu. "JAMBO AFANDE!"

Profesa akasema, "Mama, tunaona mkanda. Mkanda ni mzuri, umeng'aa. Lakini maswali tungependa kuuuliza uso."

Nikakaa. Daktari Mwanaidi alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika.

Maswali ya mwanzo yalikwenda. Nikaeleza mizani, nikaeleza mapipa, nikaeleza filimbi, mpaka nikaanza kujisikia nimekaa kwenye lile lori langu la ndotoni. Halafu profesa akafungua kurasa, akasimama mahali, akavua miwani.

"Hii sehemu ya kugeuza foleni. Kwa nini ipo?"

Wadogo zangu, sauti ilikuwa ile ile. Ile ya buti. Visigino vyangu vikagongana chini ya meza, taa! Mdomo ukafunguka wenyewe: "Ndi..." Nilikuwa nakwenda kusema ndiyo afande, nitaitoa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamwona Daktari Mwanaidi kwenye kona yake ameng'ata kalamu, hacheki tena. Chini dukani mtu anapigilia bati, ko, ko, ko.

"Hapana," nikasema.

Profesa akarudisha miwani. "Hapana nini?"

"Hapana, afande. Haitoki."

"Sijasema itoke. Nimeuliza kwa nini ipo."

"Ndiyo hiyo najibu, afande!" Na hapo mlango wa maneno ukafunguka, wacha niseme. Nikamwambia bila hiyo sehemu mtu yeyote atasema wa mwisho wanamwaga kwa sababu wanapata ya chini, au kwa sababu kombania ya tatu ni wadekaji. Ndiyo maana niligeuza. Wale wale waliokuwa wanaramba sahani, nikawaweka mwisho, nikawapa sufuria ambayo haijaguswa, wakamwaga. Wale wale waliokuwa wanamwaga, nikawaweka mbele, wakaramba. Watu hawakubadilika, chakula hakikuharibika, kilichobadilika ni nani filimbi inamkuta na tonge mkononi.

"Na kama kombania ya kwanza walimwaga kwa hasira tu? Kukukomoa kwa kuwapeleka nyuma?"

Lo! Hilo sikuliwaza. Zamani ningezunguka stoo hapo hapo. Nikafikiri, kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikukimbilia kujibu, nikaacha mfuniko ulivyo.

"Inawezekana, afande. Walikuwa na hasira kweli, walinitukana kwa heshima. Hilo sijalipima, na nitaliandika kwamba sijalipima. Lakini mwenye hasira ya nyama huwa anakula nyama kwanza, ndipo anakasirika."

Yule profesa akacheka! Akacheka na wale wawili wakacheka, na Daktari Mwanaidi dari yake ikashiriki mpaka kompyuta ikakoroma.

Nikatolewa nje, nikakaa kwenye ngazi. Nikarudishwa. Profesa akasema nimefaulu, kuna marekebisho madogo, na lile la hasira niliandike kama nilivyosema. Akamaliza, "Hongera, afande." Bereti nikajipachika kichwani, nikasimama, nikapiga saluti ambayo hata Stafu Sajenti Akonaay angeikubali.

"Tunaona mkanda tena," akasema profesa.

Nilishuka zile ngazi mbili mbili. Nikafika kambini wakati foleni inaanza kupakuliwa, ugali unafuka moshi, kwa wakati wake kabisa. Zawadi akaniona mlangoni, mwiko juu.

"Umeleta?"

"Nimeleta!"

Mkaanza kupiga masufuria, vifuniko, masinia, askari kwenye foleni hawajui kinachoendelea na wenyewe wakapiga sahani. Meja akatoka ofisini kuja kuona kama tumevamiwa. Nikamweleza. Akasimama, akaangalia foleni, akaangalia saa yake, akauliza, "Kwa hiyo ni filimbi?"

Nikavuta pumzi. "Ndiyo afande. Na nitakueleza kwa nini." Nikamweleza yote pale pale, mezani, na wewe Zawadi ukampakulia asikilize akiwa anakula. Wiki iliyofuata filimbi ikasogezwa, na foleni ikaanza kuzunguka, kila kombania na wiki yake ya mwisho. Mpaka leo iko hivyo, na wengi wenu mnadhani ilikuwa hivyo tangu zamani.

Aliyeumia ni mmoja tu. Baba Daudi alichungulia mapipa, akainamisha moja, akalinyanyua kwa mkono mmoja.

"Afande wangu, hongera kwa shule," akasema. "Lakini huo usomi wako unakondesha nguruwe."

Sasa limebaki moja, na hili wengine hamkuliona kwa sababu mlikuwa mmeinama mnajifanya mnaosha vyombo. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho jikoni. Nikapita kwenye sufuria kubwa, nikasikia harufu. Maharage yameshika chini.

"Koplo Zawadi, kwa nini haya yameungua?"

Zawadi akarukia steliwaya, akaanza kukwangua ile sufuria kama anaidai. Nikamwangalia. Nikaliona buti langu na unga wake.

"Weka chini," nikamwambia. "Nimekuuliza. Nataka kujua."

Akageuka kushoto na kulia, anatafuta mtego uko wapi. "Afande, nikijibu nazunguka stoo?"

"Huzunguki."

"Kweli?"

"Nijibu, Zawadi."

Akajiweka sawa, mikono ubavuni. "Afande, yameungua kwa sababu tangu tuweke kuni umesimama hapa unatusimulia tena ile siku ya mkanda kwenye video, na sisi wote tukawa tunakusikiliza, na hakuna aliyekuwa anakoroga. Afande."

Wengine wote mkazidi kuinamia vyombo.

Jibu lilikuwa kamili. Lina sababu, lina ushahidi, na mashahidi wote wako pale na vijiko mkononi. Nikalitafutia udhaifu nikaukosa. Basi nikanyoosha mkono, nikauchukua ule mwiko mkubwa, nikauweka begani kama bunduki, nikatoka kwenda kuzunguka stoo. Mzunguko wa pili nikasikia mmeanza kunihesabia hatua kwa sauti, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na mimi nacheka mpaka buti linapoteza njia.